Kisu cha mfukoni kiwe chembamba, hayo mengine tutaongea

Ukiniuliza kisu gani cha mfukoni ununue, mimi sitakuuliza unataka kiwe na vifaa vingapi, nitakuuliza unavaa suruali ya aina gani. Wengi wetu hapa Nairobi tukisikia kisu cha Uswisi tunawaza lile dude nene, na muuzaji anajua hivyo, ndio maana anakifungua chote mpaka kinasimama kama mkia wa tausi na wewe unatoa simu unalipa. Wiki zikipita kiko kwa droo na zile chaja za simu za zamani.

Chukua mfano SwissChamp ya Victorinox, ile kampuni ya Uswisi inayotengeneza visu hivi. Ni kazi nzuri sana, sibishi, ina kazi 33 na uzito wa gramu kama 185 hivi. Iko na msumeno wa mbao, lenzi, kizibuo, hadi kipande cha kuparua magamba ya samaki, na samaki wenyewe unawanunua washakaangwa. Ukiweka hiyo kwa jinzi halafu ukae kwa matatu, kile kiti cha nyuma mnabanana, itakuchoma paja kutoka Githurai hadi tao na ukifika utaitoa uiweke kwa begi, na kisu kikishaingia kwa begi ni kama hakipo, ju siku utakayokihitaji begi liko nyumbani.

Sasa hii hamu ya kisu chepesi si ya watu wa siku hizi. Karl Elsener, mwanzilishi wa hiyo Victorinox, alifungua karakana yake pale Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kufikia 1891 alikuwa anapelekea jeshi la Uswisi visu vya askari, vya kufungua mikebe ya chakula na kufungulia bunduki. Shida ni kwamba kile cha askari kilikuwa kizito. Akaenda akatengeneza kingine cha maafisa, akakisajili 1897, kilikuwa na vifaa sita lakini springi mbili tu, yaani springi moja inashika vifaa vya upande huu na vya upande ule. Hiyo ndio akili yote ya hiki kitu! Kuongeza kazi bila kuongeza unene. Kwa hivyo mtu akiniambia kisu cha Uswisi cha kweli ni kile kinene, namwambia arudi kwa historia.

Mimi nabeba Cadet ya alox, nayo ni ya Victorinox. Alox ni ile mikono ya aluminiamu yenye vijidoa vilivyoinuka, ni nyembamba kuliko ile plastiki nyekundu tuliyoizoea. Kikifungwa kina urefu wa milimita 84, gramu 46 hivi, na ndani kuna blade, tupa ya kucha, kifungua mkebe na opena, basi. Ncha ya kile kifungua mkebe ni bisibisi ndogo na ya opena ni bisibisi kubwa. Ukiwa na hizo mbili unafungua plagi ya stima ubadilishe fyuzi, unakaza skrubu iliyolegea kwa meza ya mtu wa ofisini (hapo unapata sifa za bure), unafungua soda ya chupa bila kutumia meno kama wale wazee wa mtaa. Kasoro yake kubwa ni moja, haina makasi, na hapo ndipo nagombana na marafiki zangu wanaosema Classic SD, ya Victorinox pia, ndio mwisho wa mambo. Hiyo ni ndogo zaidi, milimita 58, gramu 21 hivi, inaning'inia na funguo, na makasi yake, wacha niseme ukweli, ni moto. Fikiria vile tunaishi: pakiti ya maziwa unakata pembe, nyuzi za shati ya Gikomba, ile lebo inakukuna shingo, plasta, sacheti ya ketchup isiyofunguka. Kazi nyingi za siku ni za makasi, si za blade. Kwa hivyo mtu anayeanza nitamwambia achukue hiyo ndogo, hata kama mwenyewe sibebi. Pia ile ya plastiki iko na kibanio na kijiti cha meno vimechomekwa kwa ubavu, alox haina, na kibanio utakikumbuka siku mwiba umeingia kidole.

Mimi blade naihitaji ju ya vifurushi. Mama akituma mzigo na matatu za sako kutoka nyumbani, ule mkungu wa ndizi na mahindi ndani ya gunia lililoshonwa kwa kamba ya manila na kuzungushwa selotepu kama anatuma mwezini, makasi madogo hayafui dafu. Na kuna ovacado ya lunch. Githeri bila ovacado ni adhabu, na kisu cha jikoni ya ofisi kila mtu anajua hakikati hata mkate.

Kitu kingine ambacho hawa jamaa wa video za Marekani hawatakuambia ni kwamba hapa tunakaguliwa kila mlango. Baada ya lile shambulizi la mall ya Westgate 2013, soja wa mall si mtu wa kupita tu, anapitisha kile kidude chake na kikilia utatoa kila kitu. Ukitoa kisu cheusi chenye blade ndefu inayojifunga kwa loki, mazungumzo yanabadilika. Ukitoa kitu cha kidole kimoja chenye tupa ya kucha, anauliza "Bosi, hii ni ya nini?" unamwambia ya soda, anacheka, saa ingine anataka kujua inauzwa ngapi. Akikataa usibishane, mwachie utaichukua ukitoka. Airport ni hadithi ingine kabisa, hapo kiende kwa mzigo wa chini ama kibaki nyumbani, na ukienda Mombasa na treni pia usijifanye hujui, mizigo inakaguliwa pale Syokimau.

Halafu feki. Zimejaa, na nyingi ni zile zenye tochi. Kabla utoe pesa fungua blade polepole na uifunge, yenyewe inapiga tak na haichezi kushoto kulia. Angalia pale blade inapoingia kwa mkono, Victorinox huchapa jina lake na Swiss Made. Kata karatasi kwa makasi, yakitafuna badala ya kukata rudisha. Kama unataka koleo, hapo ni Leatherman, lile koleo la kukunja lenye vifaa vingine ndani, yule Tim Leatherman alianza kuwazia kifaa chake 1975 akizunguka Ulaya na Fiat mbovu na kikaingia sokoni 1983, lakini koleo linakuja na unene wake na mimi si fundi, sina haja.

Kunoa usiogope. Chuma cha Victorinox hakijakazwa sana, kinapoteza makali mapema lakini kinayarudisha haraka, hata kwa ule ukingo wa chini wa kikombe cha udongo usio na rangi. Tafadhali usimpelekee yule jamaa wa kunoa visu na baiskeli, ni fundi wa panga na visu vya bucha, gurudumu lake litakula blade ndogo ibaki sindano. Ukikata embe, osha, juisi ikikauka kwa kiungo kinakuwa kigumu hadi uvunje kucha kukifungua. Maji ya moto na sabuni, fungua funga kikiwa ndani ya maji, kausha, tone moja la mafuta. Mafuta ya cherehani yanatosha.