Dawa za msituni za Wacree na kisukari: zipimwe vipi, na kwa idhini ya nani

Katika Eeyou Istchee, nchi ya Wacree, watu wa asili wa huko, iliyo mashariki mwa ghuba ya James Bay, jimboni Quebec, Kanada, kisukari cha aina ya pili kimeenea kuliko kwa wakazi wengine wa jimbo hilo. Dawa za hospitali zipo, lakini wapo wagonjwa wanaozitumia kwa kusitasita, kwa sababu hawaoni nafasi ya tiba ya wazee wao ndani yake. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Pierre Haddad wa Université de Montréal walianza kushirikiana na wazee hao. Kwa kuwa ugonjwa huu ni mgeni kwa jamii hiyo, waliuliza ni mimea gani inayotibu dalili zake: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, macho kufifia, vidonda vya miguu vinavyochelewa kupona.

Wazee walitaja, pamoja na mingine, gome la mti wa tamarack, majani ya kichaka kiitwacho chai ya Labrador, na Sarracenia purpurea, mmea wa kinamasi unaonasa wadudu. Ilipojaribiwa maabara, kwenye seli na kwa panya waliolishwa mafuta mengi, kadhaa kati yake ilionyesha uwezo dhidi ya madhara ya sukari. Wazee, basi, hawakubahatisha. Wanaoitetea tiba hii hukumbusha pia kwamba asili ya metformini, dawa ya kisukari ambayo Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957, inafuatiliwa hadi kwenye Galega officinalis, mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya.

Mfano huo, hata hivyo, unakata pande zote mbili. Kiini cha Galega kilishusha sukari, lakini kilikuwa na sumu, na wagonjwa walinufaika baada ya wanakemia kutengeneza dawa nyingine yenye umbo linalofanana nacho. Isitoshe, panya si binadamu, na baadhi ya mimea ya Wacree imeonekana maabara kuzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, hivyo mgonjwa anayechanganya bila kusema anaweza kubakiwa na dawa nyingi mwilini kuliko daktari alivyokadiria. Kwa kisukari cha aina ya kwanza, ambapo mwili hautengenezi insulini inayoshusha sukari, mjadala haupo kabisa: tangu Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini Toronto Januari 1922, hakuna mmea uliowahi kushika nafasi yake.

Sisi Afrika Mashariki tunaijua hatari ya kuacha dawa kwa ajili ya mmea. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga, kisukari kikiwa miongoni mwa magonjwa yaliyoahidiwa kupona, na wapo walioacha dawa zao kabla ya sukari kupimwa.

Tofauti kubwa ya Wacree ni kwamba walikubali dawa zao zipimwe kwa masharti yao. Mkataba wa utafiti ulitambua kuwa maarifa ni mali ya wazee na jamii zao. Masharti ya namna hiyo huchelewesha kazi, na mgonjwa wa leo ana haki ya kulalamika. Lakini naona ni gharama ya haki, maana bila hiyo wazee wangefunga vinywa, na sioni kwa nini wangelaumiwa.

Hoja iliyo ngumu zaidi kupimwa ni ile ya wazee wenyewe, kwamba dawa haiishii kwenye chai. Ni kwenda porini, kutembea, kuwinda, kula nyama na samaki wa huko. Lakini mradi wa mabwawa ya umeme katika nchi yao, uliotangazwa mwaka 1971, uliyafunika maeneo ya uwindaji kwa maji na kuongeza zebaki katika samaki. Jaribio linalotenga kiini kimoja cha mmea haliwezi kuyaona hayo, ingawa bila jaribio la namna hiyo hatutajua kiasi gani ni salama. Kwa sasa, ninaloliona linawezekana ni kliniki kumuuliza kila mgonjwa bila kumkaripia anakunywa nini, kupima wastani wa sukari yake ya miezi mitatu, na, mgonjwa akiridhia, kumwonyesha mganga wake majibu hayo.