Simu ya khalati imejaa, lakini sikubali irutiwe

Alhamisi iliyopita, baada ya Magharibi, nilimkuta khalati yangu amekaa barazani kwake Kibokoni, Mombasa, simu mkononi na uso umemkunjamana. Mteja mmoja wa Nyali alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, oda ya mahamri ya hitma, na ujumbe wenyewe wakataa kufunguka. Kila akiugusa, kile kiduara chazunguka, kisha simu yamwambia hifadhi imejaa.

"Nimefuta hata picha za Idi, mwanangu," akaniambia. "Na bado yasema imejaa. Sasa nifute nini?"

Binamu yangu, kitinda mimba wake, alikuwa na jibu tayari: simu irutiwe, yaani tujipe mamlaka yote ndani yake. Fundi mmoja wa Digo Road amemwambia kwa shilingi mia tano ataifungua, ang'oe apu zote zilizokuja na simu, na nafasi itarudi. "Tukimpelekea asubuhi, Alasiri twaichukua," akasema.

Nilikataa pale pale, na nikilala na kuamka bado nakataa. Naandika haya kwa sababu mjadala huu najua uko katika nyumba nyingi za mji huu. Simu ya GB 8 au 16, imenunuliwa miaka saba minane iliyopita, kioo kizima, betri bado inashika, ila haina pa kuweka kitu. Kuitupa moyo haukubali, na pesa ya kununua nyingine ina kazi zake: karo, kodi, dawa ya presha. Mtu akikuambia kuna ufunguo wa kuifufua, lazima utege sikio.

Basi tuuangalie huo ufunguo. Android imejengwa juu ya Linux, na ndani ya Linux kuna mtumiaji mmoja aitwaye root, namba yake 0, ambaye hakuna mlango wa kumzuia. Simu ikitoka kiwandani, wewe uliyeilipia si yeye. Umepewa cheo cha chini, na kila apu nayo imefungiwa katika kijumba chake. Kuruti ni kujipa kile cheo cha juu. Njia inayotumika zaidi siku hizi ni Magisk, aliyoitoa John Wu mwaka 2016, na kabla ya kuifikia huwa unafungua kwanza butiloda, yaani ile programu ya mwanzo kabisa inayoamua simu iwake na mfumo gani.

Mimi siuogopi ufunguo huo. Mtu kuwa na mamlaka juu ya kitu chake naona ni haki. Ninachokipinga ni hii ahadi ya nafasi, maana hapo ndipo watu wengi wanapoingia mkenge, na wengi wa wanaoitoa wanaiamini kwa moyo safi.

Memori ya simu si ukumbi mmoja. Kiwandani inakatwa vyumba, na kwa simu hizi za zamani kuta zake hazisogei. Kuna chumba cha mfumo, ambamo Android yenyewe inakaa pamoja na zile apu ulizozikuta: redio, duka la mtengenezaji, apu ya filamu usiyowahi kuifungua. Halafu kuna chumba chako, ambamo zinaingia apu unazopakua, meseji, picha, sauti. Ile alama ya "hifadhi imejaa" inazungumzia chumba chako. Sasa wewe ukiruti ukaingia chumba cha mfumo, ukang'oa apu ya filamu yenye MB 60, zile MB 60 zinabaki wazi kule kule, upande wa pili wa ukuta. Ni kama mpangaji aliyetupa makabati ya mwenye nyumba kutoka chumba cha jirani: kile chumba kimekuwa cheupe, lakini kitanda chako bado kiko palepale kilipobanwa. Simu inaonekana nyepesi kwa sababu vile vialama vimepungua kwenye kioo, ila ukifungua Mipangilio ukasoma hifadhi, hesabu ni karibu ile ile.

Atakayenijibu kwamba mwenye ruti anaweza kuihamisha apu yake ikakae chumba cha mfumo, hajakosea. Inawezekana, nimeifanya mwenyewe. Lakini wiki mbili baadaye sasisho la apu hiyo linakuja, na sasisho huandikwa chumba chako, zima zima, huku toleo la zamani limebaki kule kama gofu. Ukitaka faida yako idumu, uwe unarudia kazi hiyo kila sasisho. Khalati yangu anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Hana wakati huo.

Sehemu kubwa ya uzito wa zile apu za kiwandani, ile iliyo upande wako, ni masasisho na data zake. Na hayo huhitaji ruti kuyatoa. Unaingia Mipangilio, Programu, unaigusa ile apu, unaondoa masasisho, kisha unaizima. Kwa zile zinazokataa kuzimwa, kuna njia ya kompyuta: unagusa namba ya muundo mara saba mpaka simu ikuambie umekuwa msanidi, unawasha utatuzi wa USB, unachomeka waya, na kwa adb, ile programu ya kompyuta ya kuiamuru simu, unaandika amri ya pm uninstall pamoja na --user 0. Apu inaondoka kwa mtumiaji wako, haijiamshi, haijisasishi, na ukiwahi kuirejesha simu katika hali ya kiwandani itarudi mahali pake. Hakuna butiloda iliyofunguliwa wala mlango uliovunjwa. Chunga tu usiondoe kitu usichokijua jina, maana kuna vipande vya mfumo vinavyoshikilia vingine.

Basi usiku ule tukaenda nayo chumbani, kwenye feni, tukaifungua simu ya khalati faili kwa faili, mimi na binamu, na khalati pembeni anatuuliza kila tunachogusa. Boksi lasema GB 8. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, simu za zamani kama hii kwa 1,024, kwa hivyo zile 8 huanza kuwa saba na ushei kabla ya lolote. Mfumo ukachukua zaidi ya nusu. Kilichobaki kwa khalati ni GB 3 na kitu, na ndani yake hizi ndizo tulizozikuta.

Folda ya WhatsApp iitwayo Databases ilikuwa na nakala nane za mazungumzo yake. WhatsApp hujiwekea nakala kila usiku na kuacha za siku saba zilizopita nyuma yake. Kila moja ilikuwa MB 85 hivi. Zenye tarehe kwenye jina ni za zamani. Isiyo na tarehe ndiyo ya sasa. Tuliacha ile ya sasa, tukafuta zile saba, na hapo tu karibu MB 600 zilirudi. Halafu folda ya video, na ndani yake nyingine ya Sent: kila video aliyoituma ilikuwa imehifadhiwa mara mbili, mara moja ilipotoka na mara moja ilipotumwa. Mwisho zile picha za Ijumaa. Waridi, kikombe cha kahawa, msikiti, na maandishi ya dhahabu ya Jumaa Mubarak, kutoka kwa makundi kumi na moja, ya miaka minne. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Khalati alizitazama akasema hawezi kuzifuta zote, kuna nyingine zilitumwa na marehemu dadake. Tukakaa naye, tukazichambua hizo za dadake moja moja, tukaziweka kando. Ilituchukua saa nzima, na ndiyo saa ninayoiona ya maana zaidi ya usiku ule.

Kwa hilo nina kidonda changu. Mwaka 2015 niliifungua butiloda ya simu yangu kwa haraka, nikiwa na hamu tu. Butiloda ikifunguliwa, simu hufuta kila kitu kilicho chumba cha mtumiaji. Imewekewa hivyo makusudi, ili mwizi asifungue simu yako akazisoma siri zako. Onyo lilikuwa kwenye kioo, nilibofya bila kulisoma. Zikaondoka picha za babu katika Idi yake ya mwisho, amevaa kanzu yake ya darizi, hazikuwa popote pengine. Kwa hivyo mtu akiniambia simu ya mzazi wake "tumwachie fundi asubuhi", roho yangu huruka. Swali langu la kwanza kwake ni je, umenakili kila kitu, na umehakikisha kwamba nakala inafunguka?

Kuna wanaopita njia ya mkato, zile apu za kuruti kwa kubofya mara moja, bila kugusa butiloda. Zinafanya kazi kwa kupitia tundu la usalama lililo ndani ya mfumo. Mwaka 2014 George Hotz alitoa Towelroot, iliyopitia kasoro ya kiini cha Linux na kufungua simu nyingi za wakati huo. Yeye jina lake linajulikana. Apu unayoipakua leo kwenye tovuti usiyoijua, ya mtu usiyemjua, inapitia matundu ya aina hiyo hiyo, na ikishapita ndiyo yenye cheo cha juu, wewe umesimama mlangoni. Inaweza kusoma meseji zako zote, na kwetu hapa meseji ni pesa: salio, majina, namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki.

Na pesa ndiyo inayonifanya nisiyumbe katika hili. M-Pesa tangu ilipoanza mwaka 2007 imekaa kwenye menyu ya laini, na menyu hiyo haijali simu imerutiwa au la. Lakini apu nyingi za benki huichunguza simu kabla ya kufunguka, kwa msaada wa Play Integrity ya Google, na simu iliyorutiwa huonyeshwa mlango. Ziko mbinu za kuificha ruti. Zinafanya kazi mwezi huu, mwezi ujao zinakatika, na zikikatika ni siku unayotaka kumlipa mtu wa unga. Kwa Samsung zenye Knox, ule ulinzi wao wa ndani, kuna jambo zaidi: ndani mna fyuzi ya kielektroniki inayoungua mara moja simu ikiwashwa na mfumo usiotambulika, na hairudi tena hata ukiweka mfumo wa kiwandani upya. Secure Folder, ile folda yao ya kufungia siri, kwa mfano, huwa imekwenda.

Binamu alishika hoja moja ambayo ni nzito, na nitaitendea haki. Alisema simu hii haipati tena masasisho ya usalama, na WhatsApp yenyewe inaziacha simu za zamani. Mwaka 2025 iliziacha zilizo chini ya Android 5, na ya mamake ni 6, basi zamu yake yaja. Kweli kabisa. Lakini kuruti hakuibadilishi Android 6 ikawa 10. Kinachobadilisha ni kuweka mfumo mwingine, kama LineageOS, uliozaliwa mwishoni mwa 2016 mtangulizi wake, CyanogenMod, ilipofungwa. Huo unahitaji butiloda wazi, hauhitaji ruti, na lazima kuwe na watu walioutayarisha kwa modeli yako hasa. Tuliitafuta modeli ya khalati. Haimo.

Tulichofanya ni kununua kadi ya memori ya GB 32. Android 6, iliyotoka 2015, inaruhusu kadi ifanywe sehemu ya hifadhi ya ndani, ingawa watengenezaji wengine huifunga njia hiyo. Yake iko wazi. Kadi inaumbizwa, inafungwa kwa siri ya simu ile peke yake, kisha unahamisha data. Tafuta iliyoandikwa A1, maana ile alama inahusu kasi ya kuendesha apu, na kadi ya polepole itaifanya simu nzima iburure miguu. Na usiilipie kabla ya kuijaza: niliwahi kuuziwa, dukani na si mkononi, kadi iliyoandikwa 64 ambayo ilipofika GB 7 ikaanza kula faili. Ijaze, zisome faili zote tena, ndipo uiamini. Ukishaifanya ya ndani usiichomoe, na nakala ya picha ziweke pia mahali pengine, kwa sababu kadi hufa bila kuaga.

Ujumbe wa yule mteja wa Nyali ulifunguka saa nne kasoro usiku. Mahamri mia mbili, Jumamosi kabla ya Adhuhuri, na mbaazi za watu hamsini. Khalati akainuka kuloweka mbaazi bila kutuaga.

Binamu nimempa simu yangu kuukuu, ile iliyokaa kabatini, haina laini wala picha ya mtu. Hiyo airuti apendavyo. Nimemwonyesha Magisk, nimemwonyesha jinsi ya kuirudisha ikikwama kwenye nembo. Juzi ameniandikia kwamba imekwama. Nitapita Ijumaa baada ya swala, na nikiwa pale nizime ule upakuaji wa picha unaojiendesha wenyewe katika makundi yote kumi na moja ya khalati.