Mzee wa Kiko

Tangazo la mratibu wa kikundi chetu cha kutazama filamu pale Mastodon lilisema hivi, na kesi yote iko hapa: "Wiki hii ni Godzilla, ile ya zamani, nyeusi na nyeupe. Saa mbili usiku kwa saa za UTC. Kila mtu aje na nakala yake."

Mimi nakala ninayo. Iko kwenye diski, ni ya zamani, tena ni nyeusi na nyeupe. Sasa hapo mtu angetaka nini zaidi?

Kwa ambaye hajawahi kupita Mastodon: ni mtandao wa kijamii, ila kule hakuna tajiri mmoja mwenye nyumba. Kuna maelfu ya seva, kila moja ina msimamizi wake na sheria zake, na zinapelekeana machapisho kama majirani. Wakazi wake, kwa jinsi nilivyowazoea mimi, wana maradhi mawili: kubishana kuhusu programu za kompyuta, na kupenda filamu za kale za sayansi ya kubuni, zile ambazo chombo cha anga kinatua na uzi unaokining'iniza unauona kabisa. Basi wikendi tunakutana. Kila mtu yuko kwake, tunabonyeza kuanza kwa wakati mmoja, halafu tunaandika tunachokiona chini ya hashtegi moja. Ni raha isiyo na kifani, hasa kwa sisi ambao watu wa nyumbani wamekwisha kukataa kutazama na sisi.

Saa ikafika, nikabonyeza. Filamu haijamaliza hata dakika mbili, mji mzima ni kifusi. Nikaandika: "Jamani! Tokyo imekwisha kabla hatujakaa vizuri!"

Akajibu dada mmoja wa seva yetu: "Tokyo ipi? Huku mabaharia ndiyo kwanza wanapiga gitaa."

Nikajua huyu intaneti yake inasuasua. Nikamwonea huruma, nikaendelea.

Chini ya kile kifusi akaibuka bwana mmoja Mmarekani, mwandishi wa habari, mwili wake mkubwa, uso umetulia kama wa hakimu. Akaanza kusimulia yalivyoanza: alikuwa kwenye ndege akielekea Cairo, akapitia Tokyo mara moja tu. Huyu bwana nilimpenda papo hapo. Ana kiko. Jitu linatoka baharini, yeye na kiko chake. Maofisa wa Japani wamejaa ukumbini wanagombana, yeye kasimama pembeni, anamwomba mwenzake amtafsirie, na kiko kiko mkononi. Nikaandika: "Huyu mzee wa kiko ndiye shujaa wangu leo."

Kimya. Kisha: "Mzee gani?"

"Mmarekani. Yuko pale nyuma ya umati."

Mwingine akaandika kwamba amerudisha nyuma, ametazama umati wote mmoja mmoja, hakuna Mmarekani. Nikamwambia atazame tena, upande wa kulia. Akarudisha tena. Maskini.

Ajabu ni kwamba mambo mengine yote tulikubaliana. Jitu likinguruma kwangu, kwao nako linanguruma, mapema kidogo au baadaye kidogo, na hizo dakika za tofauti sote tuliitupia lawama intaneti. Mjuzi mmoja, kila kikundi kina wake, akatueleza kwamba ngurumo ile mtunzi wa muziki Akira Ifukube aliipata kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu, ikaburutwa juu ya nyuzi za besi kubwa. Tukashangilia. Akaongeza kwamba ndani ya vazi la Godzilla mlikuwa na mtu, Haruo Nakajima, na kwamba vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo kama 100. Tukampa pole Nakajima.

Mimi nikarudi kwa mzee wangu. Nilikuwa nimegundua jambo: kila akizungumza na yule binti Emiko, binti anatupa mgongo. Uso hauonekani hata kidogo. Akizungumza na Daktari Serizawa, yule mwenye kitambaa jichoni, naye ni kisogo tu. Nikaandika uchambuzi wa herufi 500, kiwango chote ninachoruhusiwa, kwamba mwongozaji Ishirō Honda anatuonyesha jinsi Japani ilivyoipa Marekani mgongo baada ya vita. Nakwambia, ulikuwa uchambuzi wa maana. Watu wakausambaza. Mmoja akasema ametazama filamu hii tangu utotoni na leo ndiyo ameielewa.

Hapo ndipo balaa lilipokolea, kwa sababu sasa wakaanza kumwona. "Nimemwona! Nyuma ya pazia, maabara." Mwingine: "Kwangu amepita nje ya dirisha, moshi umeonekana." Dada wa mabaharia, ambaye mwanzoni alinibishia, akasema kuna kivuli kwenye mashua na kivuli kile kinavuta kiko. Ikazaliwa hashtegi ya Mzee wa Kiko.

Kule Tokyo mji ukawaka. Mzee wangu akashika kinasa sauti, akawa anasimulia maangamizi kwa utulivu ule ule, mpaka jengo likamwangukia. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ameangukiwa. Rambirambi zikamiminika kutoka kwa watu ambao hawajamwona hata ukucha.

Halafu filamu yangu ikaisha. Nikaandika kwa majonzi: "Buriani Daktari Serizawa. Kukata mrija wako mwenyewe wa hewa chini ya bahari, huo ndio uanaume."

Sikuweka onyo la kuficha maandishi. Ya nini, filamu si imekwisha?

Kwao ilikuwa na dakika kama 16 mbele. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akiiona kwa mara ya kwanza maishani. Aliniandikia neno moja tu, ambalo msimamizi wa seva yetu baadaye alilifuta, na alikuwa na haki ya kulifuta.

Asubuhi nikaamka na arifa zimejaa mpaka simu inapumua kwa shida. Kumbe usiku ule seva yetu ilikuwa na foleni: machapisho yetu yalikuwa yanatoka vizuri, lakini yanayokuja kutoka seva za nje yalikwama mlangoni. Niliyekuwa nawasoma ni wenzangu wa seva moja, nao hawajui kitu. Wajuao wote walikuwa nje, wakipiga hodi usiku kucha. "Ndugu, hiyo ni ya 1956." "Kaka, simamisha, hiyo ni ile iliyokatwakatwa Marekani." "Huyo ni Raymond Burr, walimpachika baadaye, hakuwahi kukutana na hao waigizaji." Wa nne akanieleza vile visogo: walitafuta watu wengine wa kusimama badala ya waigizaji wa Japani, ndiyo maana nyuso hazionyeshwi. Filamu yenyewe ya Honda ni ya 1954, ina dakika 96. Yangu karibu 80.

Nikahariri ule uchambuzi, nikaongeza mstari wa maelezo. Mastodon, kwa heshima zote, ukihariri chapisho inampigia kengele kila aliyelisambaza. Wakaja wote kusoma upya. Nikalifuta. Amri ya kufuta nayo inategemea seva ya mwenzako imeipata na imeitii, na kuna moja, sijui iko pembe gani ya dunia, ambayo bado inautunza uchambuzi wangu vizuri sana. Juzi mtu alinishukuru.

Yule mratibu amejifunza. Tangazo la wiki iliyofuata lilikuja na mwaka na urefu, kama hati ya kiwanja: The War of the Worlds, ya 1953, siyo ya 2005. Nilikagua nakala yangu kabla ya kubonyeza, nikakaa kwa adabu. Tumefika katikati, sahani za anga zimekwisha kuunguza jeshi zima, akatokea mgeni mmoja akauliza kwa upole: "Samahani, Tom Cruise anaingia saa ngapi?"

Nikawahi kumjibu kabla ya wengine: "Subiri kidogo, yuko njiani."