Kimbia, lakini pesa iende kwa nauli

Tangu nianze kuchangisha pesa ya wagonjwa wa kansa na hii marathoni, kila mtu ananiuliza kitu kimoja, kuanzia shangazi yangu hadi vijana wa boda pale Kondele: kwani huwezi tuma hiyo pesa tu bila kujitesa? Swali halali kabisa. Jibu langu ni hili, nikiweka namba ya M-Pesa kwa grupu ya WhatsApp niseme wagonjwa wanaumia, nitapata "pole sana" na emoji za mikono, basi. Lakini nikisema nitakimbia kilomita 42 na mita 195, tena mimi Mjaluo wa kisumu ambaye mbio tuliwaachia majirani zetu Wakalenjin kitambo, watu wanacheka, wanabishana kama nitafika, halafu wakimaliza kucheka mtu anatuma mia mbili. Mateso yangu ndiyo yanawafanya waangalie. Na ni mateso kweli, hebu jaribu kupanda kilima cha Riat kutoka Mamboleo jua likiwa limeshatoka uniambie.

Hii kitu si mpya. Terry Fox, kijana wa Kanada, alikatwa mguu wa kulia 1977 juu ya kansa ya mfupa, na 1980 akaanza kuvuka nchi yake na mguu wa bandia, karibu marathoni nzima kila siku, siku 143, kilomita 5,373, mpaka ugonjwa ukafika kwa mapafu ikabidi asimame. Alikuwa anaomba dola moja tu kwa kila Mkanada. Kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepita milioni 24, na Juni akafariki akiwa na miaka 22. Dola moja moja! Si hiyo ni harambee kabisa, vile sisi tunajua.

Sasa yeye alitaka pesa ya utafiti, na ni sawa. Lakini huku kwetu mimi naona kuna shimo la karibu zaidi, nalo ni nauli. Mtu wa Mbita, huko kando ya ziwa, akiambiwa aende kuchomwa miale ya kuua kansa Eldoret ama Nakuru, hiyo si safari ya siku moja, ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki, na kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, hata ikilipia mashine haitalipa matatu, wala chumba cha kulala, wala chakula cha yule anayemsindikiza. Ama chukua watoto wenye Burkitt, ile kansa inayovimbisha taya, inayopatikana sana hizi pande za ziwa kwenye malaria nyingi. Hiyo kansa inasikia dawa vizuri sana ikianzwa mapema na dozi zote zikaisha. Shida ni mama ameacha wengine nyumbani, dozi ya kwanza amekuja, ya pili amekopa, ya tatu haonekani tena. Hapo dawa haijashindwa, ni pesa ya gari imeisha.

Ndio maana zile mbio za tishati naziona vibaya kidogo. Unalipa kujiandikisha, unapewa tishati, medali, maji, kuna tenti, kuna spika za kupasua masikio, kuna mgeni wa heshima anayechelewa, halafu ukiuliza ngapi imefika kwa mgonjwa unaambiwa tutatoa ripoti. Ripoti gani, na watu walishaenda nyumbani? Mimi nimeambia wachangiaji wangu wote kila shilingi na risiti yake nitaiweka kwa grupu, na kama unaandaa mbio fanya hivyo hivyo. Tena kabla hujaagiza hizo tishati nenda kwanza ukakae na wale wa ustawi wa jamii pale hospitalini. Wao ndio wanajua nani alikosa kliniki Jumanne, anatoka wapi, na gari ya huko ni pesa ngapi.