Joto ndani ya fuwele ya leza: tusilaumu asilimia peke yake

Fuwele tupu ya YAG, yaani ganeti (jamii ya madini ya vito) yenye metali za itri na alumini, haitoi leza. Inang'aa vizuri, hata iliwahi kukatwa na kuuzwa kama almasi bandia, basi. Ili ifanye kazi, baadhi ya atomi za itri lazima zipishe ioni ngeni (atomi zenye chaji) za metali nyingine, neodimi au iterbi, zinazonyonya mwanga wa kuchochea na kuutoa ukiwa leza, huku sehemu ya nishati ikibaki kuwa joto. (Wachimbaji wa Taita-Taveta na Merelani wanaijua habari hii kwa sura nyingine: tsavorite, kito cha kijani, nayo ni ganeti, na ukijani wake hutokana na vanadi kidogo iliyojipenyeza.) Tatizo ni kwamba wageni hao wanaoleta mwanga ndio wanaolizuia joto lisitoke.

Wapo wanaosema: tia ioni kidogo. Fuwele hizi hazina elektroni huru kama shaba, kwa hiyo joto husafiri kwa mtikisiko wa atomi, unaoitwa fononi. Fikiria mafundi wamepanga mstari wakipokezana karai za zege. Wakilingana kimo na nguvu, karai zinateleza. Chomeka mle mtu mwenye uzito maradufu na mwendo mwingine, mdundo unavurugika. Itri ina uzito wa atomi wa 89 hivi. Iterbi ni 173. YAG tupu hupitisha joto kwa kiasi cha wati 10 hadi 11 kwa mita kwa kelvini, lakini ikitiwa iterbi asilimia 10 hushuka hadi 6 au 7. Katikati panachemka, pembeni pamepoa, na fuwele inageuka lenzi ambayo hakuna aliyeiomba. Ukizidi kuimwagia mwanga wa kuchochea, inapasuka.

Wengine wanajibu: tia nyingi, kisha kata nyembamba. Ndiyo njia ya Adolf Giesen na wenzake wa Stuttgart tangu miaka ya 1990, ya kisahani chenye unene wa milimita 0.1 au 0.2 kilichobanwa juu ya kipoozeo. Hesabu yao ni ngumu kuipinga. Ukiongeza ioni mara mbili, unene unaweza kupungua nusu na mwanga uleule ukanyonywa. Hata upitishaji joto ukishuka kwa robo, kizuizi cha joto bado kinapungua kwa theluthi.

Tena wageni hawafanani. Neodimi hupokea mwanga wa nanomita 808 na kutoa wa 1064, hivyo karibu asilimia 24 ya nishati inabaki kuwa joto. Iterbi, kutoka 940 hadi 1030, huacha asilimia 9 hivi. Neodimi ya asilimia 1 haiharibu sana njia ya joto, ila kwa kila wati inayonyonywa inaleta joto zaidi ya mara mbili na nusu.

Mimi naegemea upande wa kisahani, ingawa watetezi wake hupita haraka kwenye jambo moja: iterbi ikisongamana mno na kuchochewa kwa nguvu, ioni huanza kupeana nishati na kuzalisha joto jipya. Huwezi kukata nusu ya nusu bila kikomo.

Kambi zote mbili zinabishania kiasi, wakati lililo zito ni tofauti kati ya mgeni na mwenyeji. Weka luteti, yenye uzito wa 175, mahali pa itri. Ganeti hiyo ikiwa tupu inazidiwa na YAG kwa upitishaji joto, lakini iterbi haiishtui sana, na kwenye asilimia 10 inakuwa mbele. Kwenye floridi ya kalsiamu ni kinyume: iterbi ina chaji tatu, kalsiamu mbili, hivyo floridi za ziada hujibana katikati kusawazisha, na asilimia chache tu hukata upitishaji karibu nusu. Luteti ingekuwa jibu rahisi kama isingekuwa ghali.

Basi ole wake mhandisi anayechukua namba ya upitishaji joto ya YAG tupu, 11, akakokotoa kisha akaagiza ya asilimia 10 yenye 6.5. Kwenye karatasi katikati na ukingo vinatofautiana nyuzi 30. Mezani atapima 50.