Seva yenye feni 58

Kwanza niwape kilichokuwa kwenye skrini, bila hicho hamtaelewa kwa nini watu wazima tulikuwa tunakimbia. Joto: nyuzi 838. Feni: 58. Hali: SALAMA.

Hiyo ni seva moja, ya kawaida kabisa, ina feni mbili. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo kwa mujibu wa ile programu mabati yote ya ndani yalishamwagika sakafuni zamani, lakini hali salama tu.

Bosi akaniita. "Njoo uone hii kitu."

"Bosi, hii haiwezekani."

"Najua haiwezekani, nakuuliza kwa nini inapanda."

Na kweli ilikuwa inapanda, ndo kilichotuchanganya, ingekuwa namba inarukaruka ovyo tungesema sensa imekufa tukalala, lakini hii inapanda digrii moja, unavuta pumzi kidogo, digrii nyingine, sensa mbovu haina nidhamu ya hivyo. Nikafungua kasha nikaweka mkono pale kwenye prosesa, vuguvugu tu. Jamaa mmoja wa timu akasema izimeni muiwashe. Tukaizima, tukaiwasha, joto likaanza sifuri. Sifuri kabisa, barafu! Dakika kumi baadaye lipo 139 linapanda zake. Basi ofisi nzima ikaamini dawa imepatikana, ikifika 500 unazima unawasha, kuna mtu mpaka aliandika zamu, nani anazima mchana nani anazima usiku.

Halafu zile feni. Ukifungua dirisha zinapungua mpaka 54, ukilifunga zinarudi 58. Bosi akakodoa macho pale muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini, "hizo nne huwa zinaenda wapi?"

Sasa kidogo historia. Draiva (kipande cha programu kinachozungumza na sensa) ni ya kwetu wenyewe, na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ilishahamia biti 64, ila programu ya skrini ilibaki ya biti 32 kwa sababu programu hiyo inategemea maktaba ambayo ipo ya biti 32 peke yake na aliyeitengeneza haonekani. Baada ya kuhama programu ikawa inarudishiwa ENOTTY, kosa namba 25, lile ambalo Unix za zamani zilikuwa zinaliandika kwa maana ya "hii si taipureta". Na kerneli ilikuwa na haki kabisa, maana namba ya amri ya ioctl (njia ya programu kuiomba draiva kitu) imebeba ndani yake saizi ya strakti, kile kifurushi cha data wanachopeana, biti 14 nzima ni za saizi tu. Programu inasema baiti 16 (baiti moja ni biti 8), draiva inasema baiti 24, kwa hiyo hizo ni amri mbili tofauti. Ila yule jamaa (ndio, wa zima washa) alikuwa ameifundisha draiva iangalie namba ya mwisho ya amri tu, saizi isiulize. Kosa likapotea. Kwenye maelezo ya mabadiliko kaandika neno moja: "imepona".

Strakti yenyewe hii hapa:

    __u32 sensa;
    __u64 muda;
    __s32 joto;

Namba ya kila mstari ni biti zake, 32 ni baiti 4, 64 ni baiti 8. Inaonekana mpole eti. Nikaendesha pahole, zana inayoonyesha kila kitu kimekaa wapi ndani ya strakti, kwa kerneli na kwa programu, nikaweka majibu sambamba, hapo ndo nikaanza kucheka peke yangu. Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) ya biti 32 ule muda wa baiti 8 ukiwa ndani ya strakti unakubali kukaa popote panapogawanyika kwa 4, kwa hiyo vitu vinabanana, joto linaanza baiti ya 12, jumla 16. Kwenye x86-64 muda unataka panapogawanyika kwa 8, hivyo kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) inaacha baiti 4 tupu baada ya sensa, joto linasukumwa mpaka baiti ya 16, na mwishoni zinaongezwa 4 nyingine tupu, jumla 24. (Tungekuwa kwenye ARM, prosesa za aina nyingine, ya biti 32 haya yote yasingekuwepo, yenyewe nayo inataka 8. Bahati mbaya.)

Kwa hiyo programu ikichungulia baiti ya 12 kutafuta joto inakutana na nusu ya juu ya muda. Na muda wetu ni nanosekunde tangu mashine iwashwe, so nusu ya chini inajaa na hiyo ya juu inaongezeka moja kila sekunde 4.29. Ile haikuwa joto jamani, ilikuwa saa! 838 ni saa moja nzima tangu iwashwe. Tungeiacha kwa masaa sita na nusu hivi ingefika 5,500, joto la uso wa jua, na pale chini imeandikwa SALAMA.

Zile baiti 8 za ziada je? Kerneli inamwaga 24 kwenye sehemu ya 16, zinazobaki zinamwagikia kwa jirani, na jirani kwenye programu ni feni, akifuatiwa na hali, ambazo zote husomwa mara moja tu mwanzoni. Joto la kweli, 58, likawa linakaa kwenye feni. Baiti tupu za mwisho zikakaa kwenye hali, na draiva ilikuwa inazisafisha ziwe sifuri, na sifuri maana yake SALAMA.

Jamaa akasema tuipige packed, yaani tuilazimishe strakti isiwe na baiti tupu, yaishe. Ingekubali kweli, baiti 16 pande zote, halafu ile programu nyingine ya biti 64 inayochora grafu nayo ingeanza kuona maruweruwe. Nikaandika compat_ioctl ya kwake, mlango wa pembeni wa programu za biti 32, ina strakti yenye compat_u64 (muda uliopangwa kama wa biti 32), inahamisha kimoja kimoja, na saizi ikarudi kuangaliwa. Strakti mpya zote sasa kikubwa kinatangulia, muda kwanza halafu hao wawili, 16 kwa kila mtu bila tundu.

Tukawasha, watu wamejaa nyuma yangu. Joto: nyuzi 58. Feni: 2. Hali: HITILAFU, FENI 2 HAIZUNGUKI.

Nikainama na tochi. Kweli, haizunguki, vumbi limeifunika mpaka katikati.

Bosi akasoma skrini, akanigeukia. "Rudisha ile ya jana."

"Bosi, ile ilikuwa inadanganya."

"Sawa, lakini ilikuwa inasema salama."