Ruzuku ya kuchajia mabasi Mtwara: tuombe, ila bili ya mwisho wa mwezi ya nani?

Wiki ya pili hii kijiweni kwetu Chikongola hatubishani Simba na Yanga, tunabishana mabasi ya umeme. Kaanzisha mzee mmoja, dereva mstaafu wa Coaster, alienda Nairobi kumuona binti yake akapandishwa basi la umeme, karudi utadhani katoka kuhiji. Halinguruti, halitoi moshi, unasikia sauti ya konda tu. Na swali lake likawa jepesi: kama Nairobi wanaweza, kwa nini manispaa yetu ya Mtwara Mikindani isiombe ruzuku ya kujenga vituo vya kuchajia, si hela za tabianchi zinagawiwa huko duniani kila siku? Nusu ya kijiwe ikamuunga mkono, nusu ikacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mi nilikaa kimya, ila nimerudi home nikapiga hesabu na naona wote wana pointi, na wote wameruka swali moja.

Nianze na wanaosema tuombe. Hoja yao nzuri kuliko zote ni hii: hakuna mwenye basi atakayenunua basi la umeme wakati hakuna pa kuchajia, na hakuna mfanyabiashara atakayejenga kituo wakati hakuna basi la kuja kuchaji, wanatazamana tu. Hapo ndipo hela ya umma inapotakiwa iingie kwanza, kama ilivyo kwa stendi, maana hakuna aliyewahi kumwambia mwenye Hiace ajenge stendi yake. Ile stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis Dar imejengwa kwa ruzuku ya serikali kuu ya miradi ya kimkakati, na barabara za mjini kwetu zimepata hela ya Benki ya Dunia kupitia mradi wa miji ya kimkakati, TSCP. Sa kituo cha kuchajia kina tofauti gani na stendi?

Na wenye hela zao pia wanafanya hivohivo, tusidanganyane kwamba ruzuku ni ya maskini. Shenzhen kule China walimaliza kubadilisha mabasi yao yote ya mji kuwa ya umeme mwishoni mwa 2017, zaidi ya 16,000, na ruzuku ya serikali ilikuwa nyuma yake muda wote. Marekani wana mfuko unaitwa Low-No chini ya mamlaka yao ya usafiri wa umma, mji unaandika andiko, ukishinda serikali kuu inaweza kubeba mpaka asilimia 85 ya bei ya basi na mpaka asilimia 90 ya vifaa na majengo kama ya kuchajia, mji unatafuta iliyobaki. Dakar nao mwaka 2024 wamewasha mwendokasi wao wa umeme mtupu wenye mabasi zaidi ya 100, na Benki ya Dunia imo ndani.

Mlango upo hata kwetu. Benki ya CRDB ilipata ithibati ya ule Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, GCF, tangu 2019, na mradi wake uliopitishwa 2021 ulikuwa wa kilimo, ikimaanisha njia ya kupeleka maombi inajulikana. Ila msaada wa nje hauingii mfukoni kwa manispaa hivihivi, unapita Wizara ya Fedha kwa sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada, na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, lazima wawe wanajua, kwa hiyo anayedhani ataandika barua Jumatatu Ijumaa mafundi wachimbe mtaro aendelee kunywa kahawa.

Sasa hesabu, maana hapa ndo utamu. Chukua basi la saizi ya Coaster, kwa siku likimbie kilomita 180 kati ya mjini, Mikindani na Naliendele. Kwa dizeli weka lita moja kilomita 5, hizo lita 36, weka bei ya lita hata shilingi 2,800, inakuja 100,800 kwa siku. La umeme weka yuniti 0.8 kwa kilomita, hizo yuniti 144, kwa bei ya TANESCO ya wateja wa T2, yaani kundi la wanaotumia umeme mwingi kibiashara, ambayo ni shilingi 195 bila VAT, inakuja 28,080. Mzee wetu aliposikia hapo akapiga meza. Nikamwambia mzee shikilia kikombe, bado.

Mteja wa T2 halipi yuniti peke yake. Analipia pia kilele cha matumizi yake, shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa mpigo, karibu sawa na kilowati) kila mwezi, na kilele kinahesabiwa pale ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote ndani ya mwezi huo, hata kama ulivuta mara moja tu. Yaani una mabasi sita yenye chaja za kilowati 40, siku moja madereva wote wakarudi saa saba mchana wakachomeka kwa pamoja wakaenda kula wali, tayari umegonga kama kVA 250, hiyo ni milioni 3.75 imeshaandikwa, wakati yuniti za mabasi yote sita kwa siku 26 ni kama milioni 4.4. Wali wa mchana mmoja unakaribia bili ya umeme ya mwezi! Lakini mabasi hayohayo yakichajiwa kwa kilowati 20 kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kilele kinashuka kwenye kVA 125, inakuwa milioni 1.9 hivi. Kwa siku kila basi linakuwa limekula kama 52,000 kwa njia ya kwanza na 40,000 kwa njia ya pili, VAT juu yake. Bado unaishinda dizeli, sema ile raha ya 28,000 imeondoka, na hiyo tofauti inayobaki ndo itakayotakiwa kulipa basi lenyewe ambalo bei yake dukani ni kubwa kuliko la dizeli.

Kwa hiyo kituo si chaja tu. Kituo ni ratiba, ni mtu wa zamu ya usiku mwenye mamlaka ya kumwambia dereva chomoa. Ruzuku inanunua chaja na transfoma mara moja, bili inakuja kila mwezi. Na hilo ndo swali kijiwe kizima kiliruka, bili ile ya nani?

Nilipata picha ndogo ya hili juzi Magomeni kwa kinyozi wangu. Kuna kijana ana pikipiki ya umeme, kila mchana anavuta ekstensheni toka kwa kinyozi, anamwachia buku. Kinyozi anaona kapata hela ya bure. Siku ile Luku ikakata nikiwa nimenyolewa upande mmoja, na kijana kashaondoka na betri imejaa, kinyozi akaanza kuhesabu kwa vidole yuniti zilizoenda akagundua kwa wiki nzima alikuwa anamchajia mwenzie kwa hasara. "Kaka samahani, nisubiri nikanunue umeme," akaniambia, nikakaa robo saa na kichwa cha zebra. Sa fikiria kinyozi ni manispaa na pikipiki ni basi sita.

Turudi kwa waliocheka. Hoja yao ya kwanza ni gesi, na Mtwara huwezi kumnyamazisha mtu kwenye gesi. Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, mwaka 2013 watu waliingia barabarani hapa kwa ajili ya gesi hii na kilichotokea wenyeji wanakumbuka. Leo unawaambia habari ya betri toka China wakati gesi ipo Msimbati? Weka mitungi ya CNG, gesi iliyoshindiliwa, kwenye Coaster, maliza. Dar bajaji na teksi kibao zinatembelea gesi, na zikipanga foleni kituoni ni kwa sababu vituo vichache siyo kwa sababu gesi mbaya. Kubadili injini kuwa ya gesi ni rahisi mara nyingi kuliko kununua basi jipya la umeme.

Hii hoja naiheshimu. Na kuna kitu wapenda umeme hawapendi kusikia: umeme wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya gesi hiyohiyo. Ukichoma gesi mtamboni zaidi ya nusu inapotea kama joto, afu kidogo inapotea kwenye nyaya na betri, kinachofika tairini hakitofautiani sana na ungeichoma ndani ya injini ya basi ambayo nayo inapoteza zaidi ya nusu. Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 linabadilisha hesabu kwa nchi nzima, sawa, ila kama andiko letu litasimama kwenye hewa ukaa peke yake litakuwa na mguu mmoja. Liseme moshi wa pale sokoni na hela ya dizeli, hivyo mtu anaviona.

Ya pili ni kukatika kwa umeme, sina haja ya kuandika sana mkazi wa kusini yeyote anaielewa. Basi la dizeli umeme ukikatika usiku linaamka vizuri tu. La umeme linaamka na njaa.

Ya tatu wengi hawaisemi ila kwangu ndo nzito: daladala zetu ni mali ya watu binafsi, mmoja ana Hiace moja, mwingine mbili, manispaa haina hata basi moja. Miji ya nje inayoshinda ruzuku mara nyingi mji wenyewe au shirika lake ndo lenye mabasi, unajenga karakana yako unachaji magari yako. Hapa utajenga kwa hela ya umma kituo cha kumchajia nani, na nani atapewa funguo? Akipewa mwenye mabasi mkubwa mmoja, wadogo wameisha. Na tukinunuliwa mabasi kwa msaada vilevile kuna hatari ya kufungwa kwa muuzaji mmoja. Philadelphia walinunua mabasi 25 ya umeme ya kampuni ya Proterra, 2020 yakawa yametolewa barabarani kwa sababu ya nyufa, 2023 kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa kufilisika. Hiyo ni Marekani yenye mafundi na mawakili, sisi tutakimbilia wapi?

Mi nasimama hapa: tuombe, ila tuombe vitu visivyozeeka haraka na visivyomjua mwenye basi. Laini ya umeme mkubwa, transfoma, mitaro, paa na uzio kwenye eneo moja la umma karibu na stendi ya Mkanaledi, mbali kidogo na upepo wa chumvi maana chuma cha Mikindani kinaliwa ukikitazama. Chaja ziwe chache, na plagi isichaguliwe na muuzaji, kwa sababu basi nyingi za China zinakuja na plagi ya aina ya GB/T na wengine wanatumia ya CCS2, ukikosea hapo umejenga kituo cha kampuni moja. Mabasi wanunue wenye mabasi, au wakodishe kwa kilomita kama kampuni ya BasiGo inavyofanya Nairobi, kuchaji na matengenezo humohumo ndani ya bei. Na mafunzo ya mafundi yawe kwenye bajeti, Low-No ya Marekani inataka asilimia 5 ya ombi la magari yasiyotoa moshi iende kwenye mafunzo, labda mwombaji aonyeshe anahitaji pungufu.

Afu kuna kitu cha bei rahisi kuliko ruzuku yoyote. Kenya mwaka 2023 mdhibiti wao wa nishati aliweka bei maalum ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 za kwao kwa yuniti mchana na 8 usiku. T2 yetu haina usiku wala mchana. EWURA, mdhibiti wetu wa nishati, wakiweka bei ya usiku, yule mtu wa zamu wa kusema chomoa anapata sababu ya kusikilizwa, na mwenye Hiace anaweza kupiga hesabu yake bila kusubiri mfadhili.

Nilipowasomea haya kijiweni wakaniuliza hizo kilomita 180 umezitoa wapi. Nimezikisia, nikakiri, na andiko lenye kilomita za kukisia litarudishwa kabla halijafika Dodoma, maana ukubwa wa transfoma unatoka kwenye trip, siyo kwenye hamu, na msimu wa korosho trip siyo zile za mwezi wa tatu. Leo asubuhi nimemkuta mzee barabara ya Mikindani kakaa kwenye kiti cha plastiki, daftari la mjukuu wake mapajani, anachora vijiti kila Hiace ikipita. Mpaka saa nne kafika 41, na hataki kuongeleshwa.